Kurasa Kumi na Moja Zilizoshonwa

Nianze na mikono yake, maana ndiyo iliyokula mwaka mzima wa maisha yangu. Mikono mikubwa ya mvuvi, yenye makovu ya kamba, lakini ikikamata kitabu ungedhani imepokea mtoto wa siku tatu. Mzee mwenyewe amekwisha kufa, na najua desturi: marehemu asemwe kwa mema. Basi, mema yapo, nitayasema, ila yatangoja zamu yake. Mimi nilingoja zaidi.

Tulimwita Papa wa Vitabu, yaani baba wa vitabu. Alikuwa mlinzi wa chumba cha kusomea cha watu weusi pale Kisangani, miaka ile ya hamsini, chumba kimoja chenye madirisha mawili na makabati manne, kwenye njia ya kutoka mtaa wa Mangobo kwenda Makiso, mjini kati. Mlangoni kulikuwa na kiti, juu ya kiti beseni la maji, kando ya beseni kipande cha sabuni. Hakuna aliyegusa kitabu kabla ya kunawa mpaka viwiko. Sisi watoto wa wavuvi wa maporomoko alitunusa kabisa. Alishika kiganja chako, akakileta puani, akakurudisha beseni.

"Samaki iko muzuri kwa sahani," alisema. "Kwa kitabu, hapana."

Naye mwenyewe alikuwa mtoto wa wavuvi, wa kule chini upande wa Yanonge! Saa sita alijificha nyuma ya kabati la nne, akala samaki wa moshi na kwanga, ule mkate wa muhogo, harufu ikajaa chumba kizima, kisha akaja kunawa mara mbili huku akitutazama kwa ukali kama ni sisi tuliokula.

Nikubali jambo moja. Siku moja mke wa mkubwa fulani wa serikali aliingia na mwavuli wake, akaenda moja kwa moja kwenye kabati kuchukua kitabu. Papa wa Vitabu akasimama mbele yake. Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Madame, maji iko pale." Chumba kizima kilikufa ganzi. Mama yule alimtazama, akatazama kidole, akarudi mlangoni akanawa. Mpaka viwiko! Siku ile tulimpenda mzee. Siku ile peke yake.

Sasa nieleze kosa lake, maana bila hilo hamtaelewa chuki yangu. Ilikuwa miaka ambayo chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa kule mji mkuu, Léopoldville, na kila kijana aliyemaliza shule alitaka kuomba nafasi. Anayeomba anaandikisha jina kwa ajili ya concours, yaani mtihani wa kuingia. Papa wa Vitabu alipata orodha ya majina yale na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Tangu siku jina lako linaingia pale, hakukuazima tena kitabu cha hadithi kikiwa kizima. Alitoa sindano na uzi wa nyavu uliopakwa nta, akatoboa matundu matatu, akashona sura ya mwisho. Ndiyo, akaishona! Kisha akafunga fundo na kukupa.

"Soma mpaka kwa uzi. Ukipita concours, kuya na karatasi yako, nitakufungulia."

Ukimwuliza kwa nini, alikuwa na usemi wake: "Kitabu iko na mwisho, na mwisho iko na siku yake." Alisema raha ni ya watu waliomaliza kazi. Kijana anayejua hadithi imeishaje analala ameshiba, na aliyeshiba hasomi hesabu.

Kilichouma zaidi ni kwamba uzi ulikuwa wetu sisi tu. Kesho yake fundi cherehani wa Mangobo akitaka kitabu kilekile, Papa wa Vitabu anafungua fundo taratibu, anavuta uzi, anampa mwisho wote bure. Fundi hakuomba chuo chochote! Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba anisimulie. Lakini yule bwana, kila kitabu kwake kiliishia arusi. Hata kile cha vita, ambacho wote walikufa kwenye sura ya tano, alisema mwishoni kulikuwa na arusi na watu walikunywa sana.

Mtasema, si ungeacha tu hadithi mpaka umalize mtihani? Mama yangu alisema hivyohivyo. Lakini ngoja nieleze siku yangu ilivyokuwa. Alfajiri naenda na Papa yangu kuvuta mitego kwenye maporomoko, ile mikubwa ya fito inayofungwa kwa kamba za msituni kwenye nguzo. Narudi, naoga, natembea mpaka Makiso, ofisi ya bandari, ninaandika majina ya mizigo mpaka jioni. Jioni hesabu na Kifaransa. Hakukuwa na dakika ambayo mtu angeweza kusema, hii ni yangu. Kilichoniokoa ni maombi yenyewe. Chuo kilitaka cheti cha ubatizo, cheti cha mwenendo, karatasi ya daktari, karatasi ya shule, na kila karatasi ilitaka mhuri, na kila mhuri ulikuwa na foleni yake. Wenzangu walilia na foleni. Mimi nilizipenda! Nilisimama nimeegemea ukuta, kitabu ndani ya bahasha kubwa ya serikali, nikasoma. Kuna wakati nilimpisha mtu wa nyuma yangu ili nimalize sura. Saa zile za foleni ndizo pekee ambazo sikuwa mvuvi wala karani wala mwombaji.

Basi, kile kitabu. Kilihusu mama mmoja ambaye mume wake alipotea mtoni, na yeye akachukua mtumbwi wake akawa anavusha watu. Kila jioni anagonga kengele mara tatu, ili aliye ng'ambo ajue kwamba bado kuna safari moja. Miaka inapita. Jioni moja, baada ya kengele, sauti ya mwanaume inamwita kutoka ng'ambo, inamwita kwa jina ambalo mume wake tu ndiye aliyelitumia. Anashika kasia, anasukuma mtumbwi, na pale, hapohapo, nikakuta uzi!

Nilikaa na uzi ule siku nne. Nikivuta mitego naisikia ile sauti. Nikiandika magunia ya kahawa naisikia. Siku ya tano nilikuwa kwenye foleni ya mhuri wa mwisho, watu thelathini mbele yangu, afisa amekwenda kula. Nikasema, potelea mbali. Sikukata. Nilifungua fundo kwa kucha, polepole, nikavuta uzi, nikasoma kurasa kumi na moja nimesimama. Nilipomaliza nilikuwa nimelia, na mtu wa nyuma yangu alidhani wameninyima mhuri. Hadithi iliishaje? Sitawaambia. Mtaona kwa nini.

Nikarudisha uzi katika matundu yaleyale. Nikafunga. Nikatazama, nikaona fundo ni sawasawa kabisa na lilivyokuwa.

Jumamosi nikapeleka kitabu, na pamoja nacho karatasi yangu ya mwisho. Maana waliotoka kwenye chumba kile walitakiwa kuwa na neno la mlinzi: kijana huyu anasoma, ana bidii, basi. Nafasi za kufanya mtihani zilikuwa chache, na neno moja liliweza kukuinua au kukushusha. Papa wa Vitabu alipokea kitabu bila kukitazama. Alikuwa akitazama dirishani. Kidole gumba chake kikapita juu ya fundo, kikarudi, kikakaa pale.

"Wewe mutoto ya maporomoko," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Fundo hii iko ya kwenu."

Nikatazama. Mungu wangu! Mizunguko miwili, na ncha imepitishwa chini kuelekea juu ya mto, kule maji yanakotoka, kana kwamba ni mtego. Hivyo ndivyo familia yetu inavyofunga mitego tangu babu; kila familia ina fundo lake, ili mtego ukichukuliwa na maji ujulikane ni wa nani. Fundo la Papa wa Vitabu lilikuwa la watu wa Yanonge, mzunguko mmoja, ncha imebanwa na nta. Macho yangu yalidhani yanaiga lake. Mikono ilifanya inachokijua tangu nina miaka sita.

"Umefungua?"

"Hapana, Papa."

"Umefungua kitabu?"

"Sijagusa, Papa."

"Mutoto yangu, nakuuliza mara ya tatu. Umefungua?"

"Haki ya Mungu, hapana."

Jogoo hakuwika, lakini king'ora cha bandari kililia saa sita, na mimi nikaruka. Akatikisa kichwa. "Mikono haisemi uongo. Mudomo tu." Akavuta karatasi yangu, akachovya kalamu, akaandika maneno matatu kwa Kifaransa cha mapadri, herufi nzuri kama za kitabu cha ibada. Anasoma kwa raha. Akatia sahihi.

Maneno matatu! Hakuandika mwongo, maana angeandika hivyo ningeweza kubisha. Afisa aliyepokea mafaili aliyasoma, akacheka kwa pua, akaliweka faili langu upande wa kushoto. Walikuwa wanatafuta watu wa kazi, akasema, si watu wa starehe. Nafasi akapewa mwenzangu aliyekuwa hajasoma kitabu chochote asicholazimishwa. Mama alilia siku mbili. Papa yangu alinipa kamba mpya tu.

Mwaka mzima nilivuta mitego. Kila nilipofunga fundo nilimkumbuka. Niliapa, na sioni haya kusema: nitamtega na mimi. Mwaka uliofuata nilipeleka barua ya padri badala ya yake, nikafaulu, nikapanda meli kwenda Léopoldville. Sikwenda kumwonyesha karatasi. Vitabu vyangu vyote kwake vilibaki vimeshonwa, na mimi nikanunua vya kwangu.

Sasa yale mema, kama nilivyoahidi. Vitabu vya hadithi, ambavyo alivisema kuwa ni usingizi wa mchana, ndivyo alivyovitengeneza kwa upole kuliko vyote. Kamusi ikichanika alipaka gundi akaendelea. Hadithi ikichanika alifunga mlango, akakaa nayo alasiri nzima. Siku bati la paa lilipoondoka na upepo, alibeba kabati la hadithi kwanza, la dini baadaye, na padri hakufurahi hata kidogo.

Na kuna habari ya mama mmoja wa Mangobo, muuza mihogo, aliyechelewa kurudisha kitabu. Papa wa Vitabu alikwenda kwake kwa miguu, amekasirika, akamkuta yuko kitandani na homa. Akavua kofia. Akanawa mikono. Akakaa akamsomea, na siku iliyofuata akarudi, karibu wiki nzima. Lakini walipofika sura ya mwisho akampa kitabu dada ya mgonjwa, akatoka nje, akasimama barabarani kwenye jua mpaka wakamaliza. Watu walisema ana roho ya ajabu, amempeleka mama wa watu mpaka mlangoni kisha akamwacha. Mimi nilipoisikia habari hiyo nikasema, huyo ndiye, simshangai. Sikuielewa. Niliielewa baadaye, huko Ubundu.

Nilikuwa nimerudi Kisangani, nina kazi katika ofisi ya elimu Makiso, nina shati jeupe na kalamu mfukoni, ndipo ikaja barua ya binti yake. Mzee alikuwa amepumzishwa kazi. Mkubwa mpya hakumtaka. Sasa anaishi kwa binti huko Ubundu, mwisho wa reli, na anakauka. Wafanyakazi wa reli walikuwa wanafungua chumba cha vitabu, wanatafuta mlinzi. Karatasi yake inataka sahihi tatu. Mbili anazo. Ya tatu lazima iwe ya mtu wa ofisi ya elimu aliyeijua kazi yake. "Tonton," binti aliniandikia, yaani mjomba, ingawa tulikuwa karibu rika moja, "tafadhali."

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Nikachukua ile hadithi ya mama wa kivuko, niliyoinunua Léopoldville na kuisoma mara tano, nikavuka mto, nikapanda gari-moshi. Nilitaka tu kumwekea kitabu mezani na kumwambia: nimesoma mwisho, Papa, nimeusoma mpaka nimechoka.

Mlangoni kwa binti kulikuwa na kiti, na juu ya kiti beseni. Nikanawa. Mzee alikuwa amepungua, lakini mikono ilikuwa ileile. Alikitambua kitabu kabla hajanitambua mimi. Binti aliyekuwa akituwekea samaki akacheka.

"Ee, hii! Papa anaijua yote, kasoro mwisho. Papa hajamaliza hadithi ata moja katika maisha yake."

Nilidhani anatania. Mzee akashusha macho.

"Nilisoma kwa ba-père, kwa mapadri, miaka sita," akasema. "Mutihani ya mwisho, nilianguka. Donc, basi, mwisho haiko yangu."

"Hakuna hata moja, Papa?"

"Sheria iko sheria. Nitashonea batoto ya batu, mimi nisome?"

Mwingine angemhurumia. Mimi nilisikia furaha mbaya ikinipanda toka miguuni. Nikamwomba binti sindano na uzi. Pale mezani, mbele ya macho yake, nikatoboa matundu matatu, nikashona zile kurasa kumi na moja, nikafunga fundo la kwetu, mizunguko miwili, ncha kuelekea juu ya mto.

"Papa, nakuachia kitabu hiki. Nitarudi Pasaka. Nikikuta fundo langu, natia sahihi. Nikikuta si langu, basi."

Akapitisha kidole gumba juu ya fundo. "Unanitega."

"Ndiyo, Papa. Nakutega."

"Bon, sawa," akasema, akavuta samaki karibu.

Siku ya Pasaka nilishuka kwenye gari-moshi nimetayarisha maneno yangu. Nitamwuliza mara tatu, kama alivyoniuliza. Atakana mara tatu. Kisha nitamwonyesha fundo. Nilikuwa nimelirudia jambo hilo njia nzima, nikifurahi kama mtu anayekwenda arusini. Nikanawa mlangoni, mpaka viwiko. Mzee akaniletea kitabu mwenyewe. Nikaweka kidole gumba juu ya fundo bila kutazama.

Mzunguko mmoja. Ncha na nta.

"Umefungua?" nikauliza, na sauti ilinitetemeka kwa utamu.

"Nimefungua," akasema. "Siku ile ile. Gari-moshi yako haikufika ata nusu ya njia."

Yeye aliendelea, bila kuulizwa: "Nilifunga sawa ya kwenu, nilijikaza kabisa. Asubuhi naangalia, iko ya kwetu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mikono, mutoto yangu. Mikono."

"Ulijua kazi itakuponyoka."

"Nilijua."

Nilikuwa nimekasirika kuliko siku ile ya karatasi. Mzee huyu amenishinda tena! Mimi nilikana mara tatu kwa kuapa, yeye amekubali kwa swali moja. Nikatafuta cha kumuumiza, nikapata swali dogo tu. "Ilikuwa nzuri?"

Mzee aliweka kiganja juu ya macho. Machozi yakapita katikati ya vidole.

"Sikujua mwisho inakuwa vile," akasema. "Miaka yote ile. Sikujua."

Basi nikatoa karatasi yake, nikatoa kalamu. Pale penye nafasi ya neno la shahidi nikaandika maneno matatu, kwa Kifaransa, kwa herufi nzuri nilivyoweza. Anasoma kwa raha. Nikatia sahihi, nikamsogezea. Niliwajua maafisa wale. Nilikuwa nakaa nao ofisi moja. Nilijua watacheka kwa pua, na faili litakwenda kushoto. Na ndivyo ilivyokuwa: kazi akapewa mtu mwingine, aliyekuwa hajui hata kufunga kabati.

Papa wa Vitabu alisoma karatasi. Akaisoma tena. Aliyajua maneno yake, na alijua ninachomfanyia. Nilimkazia macho nione uso utakavyoanguka.

"Iko kweli," akasema. Akaikunja vizuri, akaiweka kando kama kitu kisichomhusu sana. Kisha akaja karibu, akapunguza sauti ili binti asisikie. "Mutoto yangu. Uko na ingine?"

Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na hadithi mpya, niliyoinunua kwa ajili ya safari. Nilikuwa nimefika katikati.

"Hapana, Papa," nikasema. "Sina."

Akaniangalia mikono. Hakuniuliza mara ya pili. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipungia.

Nilikifungua kitabu kabla gari-moshi halijaondoka. Jua lilikuwa zuri, kiti kilikuwa cha dirishani, hakuna mtu wa kunishonea kitu. Tulipofika Kisangani nilikuwa bado kwenye ukurasa uleule.